Mtaje Mwanaume

“Saleh ni nani?”

Makrina alikuwa ameinamia ungo wa mchele, mkono mmoja unachambua, mwingine umeshika kiuno. Hakuinua uso.

“Saleh yupi?”

“Huyu aliyeko kwenye simu yako. Huyu!” Filbert alimsogezea simu karibu na pua. “Nisome, au utasoma mwenyewe?”

“Punguza sauti. Mama yuko jikoni.”

“Basi nasoma. ‘Mzigo umeingia. Njoo Namungo peke yako, mzee asijue.’ Mzee ni mimi, Makrina? Mimi ndiye mzee?”

“Ni mtu wa biashara.”

“Biashara gani ya kwenda peke yako na tumbo hilo?”

“Vitenge.”

“Viko wapi hivyo vitenge?”

Makrina aliendelea kuchambua. Aliokota punje nzuri kabisa, nyeupe, akaitupa pamoja na mawe. Filbert aliiona.

“Naomba simu yangu,” Makrina alisema.

“Na mimi naomba mke wangu.”

Akaiweka simu mfukoni, akavaa koti la pikipiki na kutoka uani kwa hatua kubwa. Alipofika usawa wa jiko alipunguza mwendo na kugeuza uso upande wa ukuta, kama ilivyompasa. Filbert alitokea Newala, akaoa Mnero na kuhamia ukweni, kama wanaume wengi wa upande ule. Yeye na mama mkwe wake, Bi Rozalia, walizungumza ukuta ukiwa katikati. Kula pamoja, hapana. Kukaa mkeka mmoja, hapana. Siku Filbert akioga, Bi Rozalia alikwenda kuchota maji hata kama mitungi imejaa.

“Mkwe, unatoka bila kula?” sauti ya Bi Rozalia iliuliza nyuma ya ukuta.

“Nimeshiba, mama.”

“Umeshiba nini? Ugali ndiyo kwanza nausonga.”

Pikipiki ilikuwa imeshawaka.

* * *

Namungo, kule machimboni alikofanya kazi Filbert, siku hiyo kulikuwa na mechi. Vijana wa mashimo ya juu, maduara wenyewe wanavyoyaita, walikuwa wanacheza na vijana wa maduara ya bondeni, na hakuna aliyebaki shimoni. Vuvuzela, filimbi, masufuria, kila chenye sauti kilipigwa. Filbert aliegesha pikipiki, akatoa simu ya mkewe na kuandika:

“Nimefika Namungo. Uko wapi?”

Jibu lilikuja upesi.

“Nyuma ya goli la huku barabarani. Kofia nyekundu.”

Alipenya katikati ya watu mpaka akaiona kofia. Chini yake alikuwa kijana mwembamba mwenye begi kifuani, anatafuna muwa.

“Wewe ndiye Saleh?”

“Inategemea anauliza nani, braza.”

Filbert akamkamata ukosi. Hapohapo vijana wa bondeni wakafunga goli. Uwanja ulilipuka. Watu walidhani wale wawili wanakumbatiana kwa furaha, wakawarukia, wakawanyanyua na kuwabusu vichwani. Filbert hakuachia ukosi.

“Unatembea na mke wangu!” alipiga kelele.

“Nini? Sikusikii!”

“Mke wangu! Makrina wa Mnero!”

Saleh alitoa macho, kisha akaanza kucheka, shingo bado imebanwa.

“Makrina? Niachie, braza, niachie nikueleze. Yule mimi simtaki hata kwa chai. Yule mteja wangu.”

“Mteja wa nini?”

Saleh alifungua zipu ya begi nusu tu. Ndani kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, karatasi kwa karatasi, kama karanga za kuuza.

“Tramado, vya kukata maumivu. Hivihivi mnavyomeza nyinyi mkishuka chini. Shemeji alianza na kimoja kimoja. Siku hizi akikosa ananipigia huku analia.”

“Mjamzito, Saleh! Unampa mjamzito?”

“Kwani mimi daktari? Nisipompa analia zaidi.”

Filbert aliachia ukosi. Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Hana mwanaume! Mke wangu hana mwanaume! Alifika mpaka kwenye pikipiki akiwa bado na furaha hiyo, na ni pale alipotia ufunguo ndipo alipokumbuka vidonge, na mtoto tumboni.

* * *

“Nimemwona Saleh,” alisema alipofika nyumbani, akimrudishia simu. “Amenionyesha vitenge vyako.”

Makrina alikaa kitandani taratibu.

“Funga mlango.”

“Viko wapi?”

“Funga mlango kwanza, Filbert. Nakuomba.”

Alifunga. Makrina akanyoosha kidole kwenye kopo la chumvi lililokuwa juu ya kabati. Filbert alilimwaga lote mezani. Chumvi kidogo, na vidonge.

“Sikiliza,” Makrina alisema. “Nilishajaribu kuacha. Nilipojua tu nina mimba niliacha. Nikatetemeka, nikatapika, halafu nikaona damu. Niliporudia, damu ikakata. Nikimeza naogopa, nikiacha naogopa. Nimeshamzika mmoja, Filbert. Huyu sitaki kumzika.”

“Hiyo ni arosto tu. Vijana wa duara wakiacha hivi vidonge wanaumwa, wanajinyea, wanalia kama watoto, halafu wanapona na kurudi kazini.”

“Hao vijana wana mimba?”

Filbert alikuwa ameshakusanya vidonge kwenye kiganja.

“Twende hospitali basi.”

“Yule dada wa kliniki anasali jumuiya moja na mama! Kabla ya Jumapili Mnero nzima itajua binti wa Rozalia ni teja.”

“Basi natupa.”

“Usitupe vyote!”

“Nafanya hivi kwa sababu nakupenda.”

“Basi nipende taratibu,” Makrina alisema, na sasa alikuwa analia. “Usinipende kwa mara moja hivi.”

Filbert alikwenda chooni akavimwaga. Alirudi akimwapia kwamba hatamwambia mtu, si mama, si mjomba, si padri. Alijiona mwanaume aliyeokoa nyumba yake.

* * *

Arosto ilifika kesho yake. Kwanza miayo, mmoja baada ya mwingine, machozi yakimtoka bila kilio. Kisha jasho, kisha baridi ndani ya jasho. Alitapika uji, akatapika maji. Miguu haikutulia, ilipiga godoro kama ya mtu anayekimbia. Siku iliyofuata tumbo lenyewe likaanza kubana.

Bi Rozalia hakuuliza sana. Alimwita Bi Semeni, mwanamke mkubwa wa pale mtaani ambaye alizalisha nusu ya kijiji, wakamwita pia Kipriani, mjomba wa Makrina, maana neno la mwisho la nyumba ile lilikuwa lake. Wanawake wakaingia ndani na kufunga mlango. Kipriani akaketi nje kwenye kigoda. Filbert, kama mkwe, akasimama nyuma ya ukuta.

Kila mtu alijua kinachofuata. Kwa wazee wa pale, mjamzito akiumwa ugonjwa usioeleweka na tumbo likabana kabla ya wakati, maana yake amelala na mwanaume wa nje. Dawa yake ni moja, amtaje. Akimtaja, tumbo linalegea.

“Makrina, mwanangu,” sauti ya Bi Semeni ilisikika. “Hapa ni wanawake watupu. Mtaje.”

“Hakuna, bibi.”

“Yupo. Mimi nimezalisha mama yako, sidanganywi na mjukuu. Ni wa machimboni?”

“Hakuna.”

“Ni yule mwalimu wa Chinongwe aliyekuwa anakuazima baiskeli?”

“Bibi, naumwa!”

“Unaumwa kwa sababu umembana mtu tumboni. Mtoe!”

Nje, Kipriani alimtazama Filbert kwa huruma.

“Pole sana, mkwe,” alisema kwa sauti ya chini. “Ni aibu yetu sisi, si yako. Akishamtaja, mimi mwenyewe nitakuomba radhi mbele ya watu.”

Filbert alifungua mdomo. Neno moja tu lilitosha, tramado, na mlango ungefunguliwa. Lakini mjomba alikuwa anampa pole, na ile pole ilikuwa tamu.

“Mkwe, mbona unatetemeka wewe wakati mgonjwa yuko ndani?”

“Baridi, mjomba.”

“Baridi ya mchana huu?”

Ndani, Makrina alipiga ukelele. Bi Semeni naye akapandisha sauti.

“Mtaje mwanaume! Unataka mtoto afe? Mtaje!”

“Mtaje, mama,” sasa ilikuwa sauti ya Bi Rozalia, imejaa machozi. “Sitakupiga. Sitakufukuza. Mtaje tu mtoto apone.”

Makrina akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

“Filbert.”

“Siyo huyo,” Bi Semeni alisema. “Huyo tunamjua. Tunataka wa nje.”

“Filbert! Si mnataka mwanaume? Ndiye huyo! Ndiye aliyenipa cha kwanza!”

“Cha kwanza nini?”

“Kidonge! Nilianguka na kiroba cha mawe kule Namungo, mgongo ukawaka moto, nikamwambia nipeleke hospitali. Akasema tukimaliza mzigo huu. Akanipa kidonge chake cha kazini, akasema meza hiki, utatulia. Ukatulia. Kesho yake akanipa kingine. Baadaye nikaanza kutafuta mwenyewe, na hilo ni langu, simsingizii. Lakini mmeniuliza mwanaume. Mwanaume ni Filbert, na yuko hapo nyuma ya ukuta ananisikia!”

Kipriani aliinuka kwenye kigoda pole pole.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, mjomba.”

“Na ulikuwa unaniacha nikupe pole?”

Filbert aliusukuma mlango, akaingia katika chumba ambacho mkwe haingii.

“Mama, nisamehe, napita. Makrina, twende hospitali.”

“Haijawahi kutokea!” Bi Semeni alisimama. “Mkwe anaingia humu? Rozalia, unamwangalia tu?”

Bi Rozalia alijifunga kanga kiunoni.

“Semeni, kaa pembeni. Mkwe, wewe shika miguu. Mimi nashika kichwa.”

Kipriani alikuwa ameshapiga simu kwa mwenye bajaji.

“Uko wapi? Nini? Unashusha saruji? Iache hiyo saruji! Hata ikinyeshewa, iache, njoo hapa!”

* * *

“Anatumia dawa yoyote?” muuguzi aliuliza pale hospitalini Nachingwea. Aliitwa Sista Moza, mfupi, mwenye haraka, glavu tayari mikononi.

Filbert alitazama sakafu. Makrina alifumba macho. Wajawazito waliokuwa kwenye benchi wote walikuwa wanasikiliza. Bi Rozalia akajibu kwa sauti ileile anayoitia kuku:

“Tramado. Mwanangu anameza tramado, kila siku, na juzi mumewe ameitupa chooni.”

“Asante, mama. Wengi hutuficha mpaka tunachelewa.” Moza alimgeukia Filbert. “Ulimkatisha ghafla?”

“Nilidhani namwokoa.”

“Mwili wake umeizoea, na mtoto naye ameizoea. Ukikata mara moja wote wawili wanapata arosto. Tumbo linabana, uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Ungekuja naye hapa.”

“Kwa hiyo mnampa tena sumu?”

“Tunampa dawa, kwa kipimo cha daktari, mbele ya macho yetu, halafu tunashusha kidogo kidogo. Sogea sasa, nimsikilize mtoto.”

Alipaka kitu tumboni, akaweka kipimo. Mkwaruzo tu. Akahamisha. Mkwaruzo. Akahamisha tena, uso wake ukiwa hausemi chochote. Bi Rozalia alimshika Filbert mkono bila kujua mkono ni wa nani.

Kisha ikasikika. Tuku-tuku-tuku-tuku, mbio, kama mtu anayeshuka mlima.

“Huyu hapa,” Moza alisema. “Amechoka, lakini yupo.”

Kigelegele alichopiga Bi Rozalia kiliwaamsha wagonjwa wa wodi ya pili. Walimtoa nje, akaendelea kukipigia uani.

* * *

Makrina alilazwa. Daktari alimpa dozi yake, tumbo likalegea, akalala usingizi wa kweli. Alipoamka, neno la kwanza lilikuwa kwa mama yake.

“Mwambie Filbert aende.”

“Yuko nje hapo, mwanangu, tangu asubuhi.”

“Ndiyo maana nasema aende.”

Simu ilimwita muda huohuo. Ujumbe.

“Nipo hapa dirishani.”

“Nakuona. Nenda,” Makrina aliandika.

“Siendi mpaka unisamehe.”

“Kidonge nimekusamehe. Hukujua, na mimi sikujua. Lakini walikuwa wananiuliza mwanaume, na wewe upo nyuma ya ukuta, umenyamaza.”

Filbert aliandika, akafuta, akaandika.

“Niliona aibu.”

“Aibu ilikuwa nzito kuliko mimi?”

Kupitia wavu wa dirisha Makrina alimwona ameketi chini, ameinamisha kichwa, simu imekaa magotini.

Jioni Kipriani alimwita pembeni ya geti.

“Mkwe, nguo zako nimekuja nazo. Ziko kwenye mfuko huu. Mtoto akizaliwa salama, tutakaa tuzungumze. Kabla ya hapo, pale kwangu usionekane.”

“Nimeelewa, mjomba.”

“Na usirudi Newala ukasema Wamwera tumekufukuza bure.”

“Sirudi Newala. Nabaki hapahapa Nachingwea.”

Alibaki kweli. Alipata kazi ya kupakia mizigo sokoni, na kila asubuhi alileta chupa ya uji wa ulezi mpaka kona ya jengo, akaiweka chini, akakohoa na kugeuka. Bi Rozalia alitoka kuichukua. Makrina alijua uji ni wa nani. Siku za mwanzo aliumwaga. Baadaye akaanza kuunywa, akilalamika kuwa hauna sukari. Kesho yake ukaja na sukari.

“Nani amemwambia kuhusu sukari?” aliuliza.

“Sijui,” Bi Rozalia alisema huku akiangalia juu. “Labda ameota.”

Dozi ilikuwa inashuka, na kila iliposhuka Makrina alipata siku mbaya. Ni katika siku kama hiyo, jasho linamtoka na miguu haitulii, simu ilipotoa mwanga.

“Shemeji, nasikia wanakubania huko. Pole. Leo saa kumi nakuletea mpaka wodini, nitaficha kwenye hotpoti. Saleh.”

Alisoma. Alisoma tena. Mate yalijaa mdomoni kama ya mtu aliyesikia harufu ya nyama. Mama yake alikuwa anafua, Moza alikuwa chumba cha sindano. Hakuna aliyemwona. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu.

Aliusukuma ule ujumbe kwa Filbert, na chini yake akaandika:

“Ona. Njoo upesi, kabla sijabadili mawazo.”

Saa kumi, geti lilikuwa na ndugu wa wagonjwa tele. Kofia nyekundu ilikuja ikipenya katikati yao, hotpoti mkononi, uso wa huruma. Filbert alimwachia apite. Aliyemzuia ni mzee mwenye koti kuukuu.

“Kijana, unapeleka chakula wodi ya wazazi?”

“Ndiyo, mzee. Kwa dada yangu.”

“Dada yako nani?”

“Makrina.”

“Makrina ni mpwa wangu,” Kipriani alisema, “kwa hiyo na wewe ni mpwa wangu. Mbona sikukumbuki? Hebu fungua tule, mpwa wangu, njaa inaniuma.”

“Mzee, ni cha mgonjwa…”

“Kijiko kimoja tu!”

Saleh aligeuka akimbie, akagongana na kifua cha Filbert. Hotpoti ilianguka, wali ukamwagika, na katikati ya wali vidonge vikatawanyika chini. Mlinzi alipiga filimbi. Kina mama waliokuwa wanasubiri muda wa kuona wagonjwa walielewa kabla ya askari kufika.

“Anawauzia wajawazito!” mmoja alipaza sauti.

“Mshike!”

“Kofia hiyo! Mshikeni kofia!”

Polisi walimchukua Saleh kofia ikiwa haipo tena. Kipriani alijifuta mikono, akamtazama Filbert kwa muda.

“Uliponipigia simu nije hukusema. Nani alikwambia atakuja?”

“Makrina.”

“Makrina mwenyewe?” Mzee alitikisa kichwa. “Basi kesho ukileta uji, usiuache kwenye kona kama mwizi. Mkabidhi mtu.”

* * *

Wiki kadhaa baadaye mtoto alizaliwa, adhuhuri, wa kike, mdogo lakini kamili. Alilia, wote wakashangilia. Kisha akaendelea kulia.

Kilikuwa kilio chembamba, cha juu, kisichomezwa na ziwa wala wimbo. Mikono yake ilitetemeka. Alipiga chafya, akapiga nyingine, akapiga tena, mpaka Bi Semeni, aliyekuwa amekuja kuona, akasema mtoto amenusa pilipili.

“Ni arosto,” Sista Moza alieleza. “Tuliitegemea. Dozi ya mama ilikuwa imebaki ndogo, kwa hiyo si kali sana, na inapita. Daktari anamwangalia, ikihitajika dawa atapewa. Taa izimwe, kelele zipungue. Anyonye. Na zaidi ya yote anataka ngozi ya mtu, kifua kwa kifua, muda wote.”

“Nipeni,” Makrina alisema. Lakini alikuwa ametoka damu nyingi, macho yalikuwa yanafunga yenyewe na mikono ilikuwa imelegea.

“Wewe utamwangusha. Lala kidogo. Nani mwingine mwenye kifua?”

“Mimi,” alisema Bi Rozalia.

“Mama, wewe unakohoa tangu juzi.”

Bi Rozalia aliangalia mlango. Nje ya mlango ule kulikuwa na mtu aliyekuwa anatembea huku na kule kwa muda mrefu sana. Aliangalia mtoto, anatetemeka. Akatoka.

“Mkwe!”

“Naam, mama?” Filbert aligeuza uso ukutani.

“Njoo ndani. Vua shati.”

“Mama?”

“Vua shati, nimesema!”

“Mbele yako, mama?”

“Unadhani mimi ninafurahi? Vua!”

Bi Semeni alikaa chini kwa mshangao. Filbert alivua shati, akasimama katikati ya wodi, kifua wazi, mikono haijui iende wapi. Bi Rozalia alijifunika kanga kichwa chote, uso ukiwa ndani, akambeba mjukuu, akaja kwa kupapasa kama kipofu. Aligonga kitanda. Akaligonga beseni.

“Uko wapi wewe? Ongea!”

“Hapa, mama. Kushoto kidogo.”

Akambandika mtoto kifuani kwa mkwewe, akamfunga kwa kanga nyingine, akakaza fundo mgongoni, yote hayo akiwa haoni kitu. Kisha akageuka na kutoka nje, na huko akaondoa kanga usoni na kulia.

Filbert alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na kitanda. Hakuthubutu hata kukohoa. Mtoto alipiga chafya kwenye shingo yake. Alitetemeka, akalia, akatetemeka. Filbert alianza kuhema taratibu, kwa kina, kama wanavyohema watu wa shimoni kule chini hewa inapokuwa ndogo. Kidogo kidogo kilio kikashuka. Mkono mdogo ukafunguka juu ya mfupa wa kifua chake.

“Amelala?” Makrina aliuliza. Alikuwa anamtazama, hakujulikana tangu saa ngapi.

“Amelala.”

“Mkono umekufa ganzi?”

“Yote miwili.”

“Vizuri,” Makrina alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mlango uliofungwa, akacheka.

* * *

Waliporudi Mnero, Kipriani aliwaketisha wote uani. Makrina alikaa kwenye mkeka, mtoto anaitwa Beatrisi, amenenepa mashavu. Filbert alikaa mbali, mfuko wake wa nguo umesimama pembeni kama shahidi.

“Mimi nilisema mtoto akizaliwa salama tutazungumza,” mzee alianza. “Amezaliwa. Lakini kwenye jambo hili mimi niliketi kwenye kigoda nikimpa pole mtu asiyestahili, na dada yangu alimbana mtoto mgonjwa ataje mwanaume. Kwa hiyo leo siamui. Makrina, mume wako arudi au asirudi?”

Makrina hakuharakisha.

“Filbert, nikuulize.”

“Niulize.”

“Wakiniuliza tena mambo yako, nyuma ya ukuta utasema?”

“Sitakuwa nyuma ya ukuta.”

“Usinijibu vizuri. Nijibu kweli.”

Filbert alilamba midomo.

“Nitaogopa,” alisema. “Nitaona aibu kama siku ile. Halafu nitasema.”

Makrina alimtazama mpaka Bi Semeni akaanza kujikuna.

“Arudi,” alisema. “Lakini sitaki mume wa kunipa kidonge, na sitaki mume wa kunitupia kidonge. Nataka mume wa kukaa na mimi kikinisumbua. Na machimboni harudi.”

“Sirudi,” Filbert alisema. “Nitalima ufuta.”

“Mmakonde wa Newala alime ufuta wetu?” Bi Semeni aliuliza. “Ataupanda kichwa chini!”

Wakacheka wote, na Bi Rozalia, nyuma ya ukuta wa jiko, alicheka kuliko wote.

* * *

Msimu wa kupiga ufuta ulifika. Makrina alikuwa amemaliza dozi ya mwisho hospitalini, na Sista Moza bado alimpigia kila wiki kumjulia hali. Asubuhi moja walikuwa shambani, miganda imekauka vizuri, turubai limetandikwa. Filbert alikuwa amembeba Beatrisi kifuani. Wanaume waliokuwa wanapita njiani walimtania, yeye akawapungia.

Makrina alisimama ghafla.

“Filbert. Leo nakitamani.”

Filbert aligeuka. Hakupiga kelele. Hakuuliza nani kampigia.

“Sana?”

“Sana. Kinaita mpaka kwenye meno.”

“Tumpigie Moza?”

“Baadaye nitampigia. Sasa hivi baki hapo tu, uniangalie.”

“Naangalia.”

Makrina alichukua fimbo, akauinamia mganda wa kwanza, akaupiga. Ufuta uliruka kama mvua. Akapiga tena, kwa nguvu, jasho likaanza kumtoka, jasho la kazi. Akapiga mganda wa pili, wa tatu, vumbi la dhahabu likamfunika nywele.

“Makrina, turubai litatoboka!”

“Litoboke!”

“Kimepita?”

“Bado,” alisema, na akainua mganda mwingine.